Maktaba za mtandao zifunguliane milango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni yangu kuhusu maktaba za mtandao, ambazo sasa ni nyingi lakini kila moja imejifungia kwake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Hivi karibuni nilinunua bando kwa fedha yangu ili nitafute kitabu cha Shaaban Robert cha kuwasomea wanafunzi wa Darasa la Sita. Niliingia maktaba tatu. Kila moja ilitaka nijiandikishe upya. Bando likaisha, nikabaki mikono mitupu. Baadaye mwenzangu akaniambia kitabu kilikuwamo katika maktaba ya pili, ila mtunzi ameandikwa "Robert, Shabani". Kompyuta haikutambua kuwa ni mtu yule yule.

Wapo wanaosema dawa ni kununua kompyuta zaidi. Sikubaliani nao. Kinachokosekana ni makubaliano. Mwaka 1995, katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, wakutubi na wataalamu wa kompyuta walikaa pamoja wakaanza kupanga mambo ya kuandika juu ya kila andiko. Orodha hiyo, iitwayo Dublin Core, ilifikia mambo 15 tu: jina la kitabu, mtunzi, mada, tarehe, lugha na kadhalika. Haina tofauti kubwa na ile kadi ya kwenye droo za maktaba ya chuo cha ualimu.

Mwaka 1999 wataalamu wengine walikutana Santa Fe, huko huko Marekani. Kutokana na mkutano huo zikatoka, mwaka 2001, kanuni za OAI-PMH, ambazo kwazo maktaba moja huruhusu nyingine kuvuna kadi zake. Toleo la mwaka 2002 linatumika hadi leo. Kinachovunwa ni kadi; kitabu hubaki kwa mwenyewe, na haki ya mtunzi haiguswi.

Ndugu Mhariri, jambo hili si geni kwetu. Zamani kumtumia fedha mtu wa mtandao mwingine wa simu kulikuwa na usumbufu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Ikiwa fedha zinavuka, kitabu kinashindwaje?

Kwa hiyo nashauri Bodi ya Huduma za Maktaba iwakutanishe wenye maktaba zote, vikiwamo vyuo vikuu. Kwanza, wakubaliane orodha moja ya kadi na namna moja ya kuandika majina ya watunzi. Pili, maktaba yoyote inayojengwa kwa fedha za umma iruhusu kadi zake zivunwe. Tatu, pawe na ukurasa mmoja wa kutafutia, mwepesi hata kwa simu ndogo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watoto wa vijijini wasikose vitabu ambavyo taifa tayari linavyo.

Mwalimu wa Kijijini,
Mbinga.