Nani Mwenyeji, Nani Mamluki?

Najua mtaniuliza: besiboli na Shinyanga wapi na wapi? Kwetu mtoto akionekana na gongo mkononi, watu wanajua anakwenda kuchunga. Lakini naomba mnivumilie, maana neno ninalotaka kuligombania leo ni "mwenyeji", na sijaona mahali lilikochezewa vibaya kama kwenye mashindano ya watoto ya besiboli.

Mwaka 2011 watoto wa Kampala wenye umri wa miaka 11 na 12 walikwenda Kutno, Poland, wakaifunga Saudi Arabia na kutwaa ubingwa wa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Ndiyo, kanda ya Afrika, mechi Poland. Ubingwa ule ulikuwa tiketi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika huko. Hawakufika na wao. Marekani iliwanyima viza kwa maelezo kwamba nyaraka za umri na uzazi wao hazikulingana. Nafasi yao wakapewa walewale waliowafunga.

Na waliofungwa ni akina nani? Timu iliitwa Saudi Arabia, lakini ilitoka Dhahran, makao ya kampuni ya mafuta ya Aramco. Ligi yao ilikuwa na jina lisiloficha kitu: Arabian American Little League. Wengi walikuwa watoto wa Wamarekani walioajiriwa kwenye mafuta. Baba amekwenda kazini ughaibuni, mtoto anacheza nyuma ya uzio wa kampuni, na ikifika Agosti anarudi kwao Marekani akiwa na jezi ya "kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika".

Sisi wa Shinyanga tunaijua fensi hiyo. Tangu mjiolojia Mkanada John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, pale pamekuwa na ndani na nje. Ndani kulikuwa na hospitali, shule, umeme, hata uwanja wa gofu. Sisi watoto wa nje tulichezea mpira wa makaratasi na kamba, tukiangalia taa za ndani usiku kama watu wanaotazama mji wa nchi nyingine. Sasa niambie ukweli: kama siku moja kungekuwa na mashindano, na watoto wa mabwana wakubwa wa mgodini wakapelekwa kuiwakilisha Shinyanga, wewe ungesemaje? Mchangani tuna neno lake, wala si tusi kubwa. Tunasema mamluki.

Siwalaumu watoto wale. Mtoto anacheza anapoishi, na kucheza ni haki yake. Ninayemlaumu ni aliyeandika kanuni. Kati ya mwaka 2001 na 2007 Little League ilikuwa na kanda nzima, iliyoitwa Transatlantic, kwa ajili ya timu ambazo zaidi ya nusu ya wachezaji wake ni raia wa Marekani, Kanada au Japani wanaoishi ng'ambo. Yaani watoto wa wageni walikuwa na nafasi yao ya uhakika, na wenyeji wa Ulaya yote, Mashariki ya Kati yote na Afrika yote wakagombania nafasi moja. Na kati ya timu 16 za fainali hizo "za dunia", 8 zilikuwa za Marekani. Dunia gani hiyo jamani?

Najua jibu linalokuja: "Lakini Waganda walikuwa na matatizo ya vyeti." Tulizungumze hilo bila kuoneana haya. Vijeba wapo. Nimecheza UMITASHUMTA, na nilipokuwa darasa la saba nilipangwa beki na mwenzangu ambaye alikuwa ananyoa ndevu. Mwalimu alijua, sisi tulijua, na tuliposhinda tulishangilia kama wengine. Ilikuwa dhuluma kwa mtoto wa upande wa pili, na sitaitetea.

Ila cheti kutolingana na udanganyifu ni vitu viwili. Usukumani tarehe ya mtoto imo kwenye jina lake. Mabula na Kabula walizaliwa wakati wa mvua. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye aliyewafuatia. Mama yangu anaweza kukuambia nilizaliwa msimu upi, nani alikuwa anapalilia pamba, na ng'ombe yupi alikuwa na ndama. Hawezi kukuambia tarehe. Cheti changu nilikipata nikiwa na miaka 17, nikihitaji fomu za shule. Karani mmoja aliniuliza, "Tuandike lini?" Tukaandika 1 Januari. Mpaka leo nikiona tarehe hiyo kwenye karatasi zangu najiona ninasema uongo, na sijasema uongo. RITA wamefanya kazi kubwa kuwasajili bure watoto chini ya miaka mitano, Shinyanga na Geita zikiwemo. Lakini kanuni inayomtaka mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi awe na karatasi sawa na aliyezaliwa hospitali ya kampuni inapima utajiri wa wazazi, haipimi umri.

Na ushahidi wa kwamba Waganda hawakuhitaji vijeba ulikuja haraka. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilishinda kanda ileile, ikapata viza, ikafika Williamsport na kuifunga timu ya Gresham kutoka Oregon 3-2. Sasa subiri uone shukrani. Mwaka uliofuata kanda ikavunjwa. Australia ikapewa nafasi yake peke yake, Mashariki ya Kati ikahamishiwa Asia na Pasifiki, Afrika ikaunganishwa na Ulaya. Sababu yake ni hesabu: Australia ina timu nyingi. Sawa, lakini timu huongezeka penye nafasi, na nafasi inapewa penye timu. Mwenye nacho huongezewa. Waganda walirudi tena 2015 kupitia mlango huo mwembamba, jambo linaloonyesha ubora wao. Halionyeshi haki ya mlango.

Olimpiki ya Tokyo ilikuwa hivyohivyo. Timu 6 tu, na Afrika na Ulaya zikapewa nafasi moja. Afrika Kusini ilishinda Afrika, kisha ikapelekwa Italia kupambana na timu 5 za Ulaya. Safari ikaishia huko.

Msidhani ninapinga kila hesabu. Mwaka 2022 Geita Gold ilicheza Kombe la Shirikisho Afrika baada ya kumaliza ya nne kwenye ligi, na mlango ule ulifunguliwa na pointi ambazo Simba walizichuma CAF kwa jasho. Hesabu ya namna hiyo naikubali, kwa sababu imetoka uwanjani. Lakini angalia kilichofuata. Geita walifungwa 1-0 na Hilal Alsahil ya Sudan, kisha mechi ya "nyumbani" wakaichezea Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Geita. Wakashinda 2-1, wakatolewa kwa bao la ugenini. Ugenini wa nani? Siku ile timu zote mbili zilikuwa wageni. Mkoa unaotoa dhahabu ya kuuzwa dunia nzima haukuwa na uwanja wa kuipokea timu yake mechi hiyo.

Ninachodai si msaada wala huruma. Afrika ipewe nafasi yake, na mechi za kuipata zichezwe Afrika. Nyaraka zikaguliwe kabla ya mashindano ya kanda, ili mtoto asiambiwe hana umri baada ya kubeba kombe. Panapokosekana cheti, mwalimu, mkunga na daftari la kliniki wasikilizwe. Na anayeandaa fainali za dunia ahakikishe kwanza kwamba nchi yake itaifungulia dunia mlango. Asipoweza, azipeleke fainali kwingine.

Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao wangecheza na Waganda kule Williamsport, walipanda ndege wakawafuata Uganda. Mechi ikachezwa, Waganda wakashinda. Hapakuwa na kombe la dunia, na hakuna aliyetaka kujua nani alizaliwa tarehe ngapi. Mgeni alikuja kwa mwenyeji, akabisha hodi, akakaribishwa. Watoto wa miaka 12 waliielewa kanuni hiyo. Wakubwa wao bado wanaandika nyingine.