Magofu ya hoteli yakifufuliwa, ni nani atakayepita ufuoni?

KILA baada ya miaka michache, habari ile ile hufika kwenye meza ya wahariri kutoka Pwani. Hoteli fulani ya kitalii iliyofungwa zamani imepata mnunuzi, mipango ya kuikarabati imeanza, na wakazi wa vijiji vya karibu wana matumaini ya kupata kazi. Mwandishi wa makala haya amezisahihisha habari za aina hiyo kwa zaidi ya miongo miwili. Kinachobadilika aghalabu ni jina la mwekezaji na idadi ya vyumba. Maneno ya wakazi hayabadiliki.

Magofu yenyewe hayahitaji kutafutwa. Anayesafiri kutoka Shanzu hadi Malindi, au anayevuka Likoni kuelekea Diani, huyaona: ukuta ulioota ukungu, lango lililoshikwa na kutu, paa la makuti lililoporomoka na bwawa la kuogelea lililogeuka makao ya vyura. Mlinzi mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki akilinda kitu ambacho hata yeye hajui ni cha nani siku hizi. Nyuma ya ukuta huo ipo bahari, na kati ya ukuta na bahari ipo njia nyembamba ambayo miguu ya watu imeifanya kuwa njia.

Njia hiyo tutairejelea. Kwanza yafaa tukumbuke jinsi hoteli hizi zilivyokufa, kwa sababu aliyesahau chanzo cha kifo huenda akafurahia ufufuo usiodumu.

Masaibu yanayotajwa kila mara ni ya kweli. Mnamo Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliwafukuza watalii katika pwani ya kusini kwa muda mrefu. Novemba 28, 2002, magaidi walilipua hoteli ya Paradise kule Kikambala. Watu 13 waliuawa, 10 kati yao Wakenya na watatu Waisraeli. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wamesimama langoni kuwakaribisha wageni. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, utekaji nyara wa wageni katika eneo la Lamu mwaka 2011, na tahadhari ya Uingereza ya Mei 2014 iliyosababisha mamia ya watalii kurejeshwa kwao kabla ya likizo zao kumalizika. Mwezi uliofuata Mpeketoni ikashambuliwa. Mnamo Machi 2020, safari za abiria kutoka nchi za nje zilisitishwa kwa ajili ya ugonjwa wa Covid-19.

Hata hivyo, orodha hiyo haielezi kila kitu. Misukosuko hiyo ilizipiga hoteli zote, lakini si zote zilizokufa. Nyingi zilizoangamia zilikuwa zimejengwa juu ya mtindo mmoja wa biashara: mgeni hulipia kila kitu kwao Ulaya, huletwa kwa ndege ya kukodi, hula na kunywa ndani ya ua, kisha hurudishwa kwa ndege hiyo hiyo. Mfano mkubwa ni African Safari Club, kampuni iliyomiliki hoteli kadhaa katika ufuo wa kaskazini na hata kuwa na shirika lake la ndege lililofanya kazi tangu mwaka 1967 hadi 2008. Wakati ndege zilipojaa, mtindo huo ulionekana kuwa wa busara. Ndege zilipokoma, hoteli hazikuwa na mlango wa pili wa kumwingizia mgeni. Mkenya kutoka Nairobi au Nakuru hakuwa amewahi kualikwa.

Hali hiyo imebadilika kwa kiasi. Tangu reli ya SGR ilipozinduliwa Mei 31, 2017, familia nyingi za bara huteremka Mombasa wakati wa likizo za shule na sikukuu za Desemba. Mikutano na warsha za serikali na mashirika nazo huwapa wenye hoteli riziki hata wakati wa masika, miezi ambayo zamani hoteli zilikuwa zikifungwa na wafanyakazi kupelekwa likizo bila malipo. Kwa hivyo mwekezaji anayenunua gofu leo si lazima awe mtu wa ndoto. Soko lipo, na matumaini ya wakazi yana msingi.

Swali ni kama kitakachojengwa kitakuwa hoteli.

Sehemu kubwa ya yanayoitwa ukarabati katika ufuo wetu huishia kuwa nyumba za makazi zinazouzwa moja moja kwa watu binafsi, au majumba ya kukodishwa kwa wiki. Kwa mwekezaji hesabu ni rahisi. Hoteli humtaka asubiri miaka mingi kabla ya kurejesha fedha zake, na katika miaka hiyo lolote laweza kutokea, kama tulivyoona. Nyumba huuzwa nyingine hata kabla ya kuezekwa. Hakuna kosa la kisheria katika biashara hiyo, wala si haki kumlaumu mtu kwa kuitetea mali yake.

Lakini hesabu ya kijiji ni tofauti kabisa. Hoteli huajiri wapishi na wasaidizi wao, wahudumu wa meza, watandika vitanda, madobi, mafundi wa umeme na mabomba, watunza bustani, waokoaji wa bwawani, walinzi na makarani. Zaidi ya hao, mvuvi huleta kamba na ngisi kila asubuhi, mama wa sokoni huleta mchicha na maembe, fundi wa makuti huitwa kila baada ya miaka michache kuezeka upya, dereva wa teksi husubiri langoni, na mchongaji hutandaza vinyago vyake mchangani. Nyumba za makazi huhitaji bawabu, mtunza bustani na mtu wa kufua na kupiga deki. Mwenye nyumba huja na chakula chake kutoka duka kubwa la mjini. Majengo yote mawili yanaweza kuwa na rangi ile ile nyeupe na minazi ile ile, na kwenye picha za matangazo msomaji hataona tofauti.

Ndiyo sababu mkazi anayeuliza "mtafungua lini?" anauliza swali lisilo na faida kubwa kwake. Afadhali aulize ni kitu gani kitakachofunguliwa, na jibu alitake kwenye karatasi.

Lipo kundi jingine ambalo matumaini yake ni machungu zaidi, nalo ni la wafanyakazi wa zamani. Katika vijiji vilivyo nyuma ya hoteli zilizofungwa hukosi kukutana na mzee aliyekuwa mpishi au mhudumu, ambaye angali ameweka barua yake ya ajira ndani ya mfuko wa nailoni. Akisikia hoteli imenunuliwa, hudhani kwamba mnunuzi atamlipa mishahara na malipo ya kustaafu aliyoachwa akidai. Ni dhana ya kibinadamu, lakini mara nyingi sheria haiko upande wake.

Hoteli inapozama katika madeni, benki iliyowekewa ardhi na majengo kama rehani ndiyo hujilipa kwanza kutokana na mauzo ya mali hiyo. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 huwapa wafanyakazi kipaumbele mbele ya wadai wa kawaida, lakini kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho, tena kwa kiwango kisichozidi Sh200,000 kwa kila mmoja. Deni la rehani likimeza bei yote, kipaumbele hicho hubaki maandishi tu. Aliyenunua kiwanja na majengo kutoka kwa meneja mrasimu amenunua mali, wala hakununua deni la mwajiri wa zamani. Pia, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi kuwasilisha madai yake mahakamani katika muda wa miaka mitatu. Magofu mengi yana umri mkubwa kuliko huo.

Haya hayasemwi mapema. Wanasiasa wanaofika siku ya kuwekwa jiwe la msingi hawayataji, na mwekezaji hana sababu ya kuyataja. Matokeo yake ni kwamba wazee hao hukusanyika langoni siku ya kwanza ya ujenzi wakiwa na barua zao, na mlinzi mpya, ambaye pengine ni mjukuu wa mmoja wao, huagizwa awaondoe. Iwapo mwekezaji ana nia njema, na wapo wenye nia hiyo, anaweza kuwapa waliofanya kazi hapo nafasi ya kwanza wao au watoto wao. Hilo sheria haimlazimishi. Huombwa na kujadiliwa, na wakati wa kujadili ni kabla ya vibali kutolewa.

Turudi sasa kwenye ile njia nyembamba. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, inatamka kwamba ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hoteli inayomiliki mchanga unaofunikwa na bahari maji yakijaa. Lakini haki ya kuwa ufuoni haina maana kwa asiye na njia ya kufika ufuoni. Katika sehemu nyingi, vichochoro vilivyoachwa kati ya kiwanja na kiwanja vimezibwa, vimejengwa, au vimewekewa lango na mtu wa kuuliza unakwenda wapi.

Wapwani wanalijua jambo hili kwa historia ndefu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze kuiandikisha. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi wa Mijikenda hawakuandikisha kitu, na wajukuu wao wakajikuta wakiitwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Baada ya uhuru, viwanja vya ufuoni viligawiwa wenye uwezo na wenye ujamaa na wakubwa. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kina jinsi ardhi ya umma ilivyotolewa kiholela kote nchini. Mtu wa Msambweni au Kikambala anaposita kuamini ahadi ya mwekezaji, wengine humwona mpinga maendeleo. Yeye anakumbuka tu.

Lipo jambo moja ambalo nadra kuandikwa. Wakati hoteli imekuwa gofu, njia huwa wazi. Wavuvi huburura madau yao hadi chini ya ukuta, watoto huogelea, akina mama hukaanga samaki chini ya mvinje ambao zamani ulikuwa kivuli cha wageni. Kwa hivyo gofu, pamoja na ubaya wake wote, limewarudishia wakazi kitu walichokuwa wamenyang'anywa. Hoteli ikifufuliwa watapata kazi, lakini huenda wakaipoteza bahari kwa mara ya pili. Wanaposema wana matumaini huku nyuso zao zikionyesha wasiwasi, hawajipingi.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2003 zinawapa nafasi. Mradi unaohitaji uchunguzi kamili wa athari kwa mazingira hauwezi kupata leseni ya NEMA kabla ya anayeuanzisha kufanya mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa. Asiyeridhika na leseni ana siku 60 za kukata rufaa katika jopo la kitaifa la mazingira. Tatizo ni jinsi mikutano hiyo inavyoendeshwa. Mara nyingi huitishwa siku ya kazi, ripoti huwa ya Kiingereza yenye kurasa mamia, wahudhuriaji hutia sahihi kwenye orodha, hupewa soda na nauli, na orodha hiyo hiyo baadaye hutolewa kuwa ushahidi kwamba wamekubali.

Hapo ndipo maswali ya maji nayo yangepaswa kuulizwa. Diani hutegemea visima vya Tiwi, na pwani ya kaskazini hutegemea maji ya Baricho kando ya mto Sabaki. Mitambo hiyo haiwatoshelezi hata wakazi waliopo. Mabwawa mapya ya kuogelea na bustani mpya zitanyweshwa na nini, na maji taka yataelekezwa wapi katika miamba ya matumbawe ambayo hupitisha kila kitu hadi kisimani kwa jirani?

Serikali za kaunti zina nguvu kubwa hapa kuliko zinavyopenda kukiri. Chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, hakuna ujenzi unaoruhusiwa bila idhini ya kaunti, na idhini hiyo yaweza kutolewa kwa masharti. Zaidi ya hayo, viwanja vingi vya ufuoni vimekodishwa kwa miaka 99 au pungufu, na baadhi ya mikataba inaelekea kumalizika. Wakati wa kuirefusha ndio wakati wa kuchora njia ya umma kwenye ramani ya kiwanja, kutenga mahali pa wavuvi kuegesha madau, na kuandika kwamba mahali palipokodishwa kwa ajili ya hoteli hapawezi kugeuzwa nyumba za kuuza bila wananchi kuulizwa upya.

Kwenye ramani, njia ya mita chache haimnyimi mwekezaji hata chumba kimoja cha mgeni. Ikiisha kujengewa ukuta, kuirudisha humhitaji mvuvi awe na wakili, na mvuvi tunayemzungumzia hana hata mashine ya kumpeleka nje ya mwamba.