Fundi alipwe kwa kupima

Nina Hilux dabo kabini ya mwaka 1998, gia otomatiki, iliyotoka Japani ikiwa tayari imetumika. Inashusha nyanya zangu kutoka Ilula, inapita Kitonga hadi Morogoro mjini, inarudi na matenga matupu. Mwaka jana, katikati ya msimu, taa ya O/D OFF ikaanza kupepesa kwenye dashibodi. Gari lenyewe linakwenda, gia zinaingia, ila taa haitulii.

Kijana wa gereji ya kwanza alipapasa chini ya usukani akitafuta pa kuchomeka kimashine chake. Hapakuwepo. Tundu lile la pini 16 Marekani ililifanya lazima kuanzia magari ya mwaka 1996, lakini Wajapani wakati huo walikuwa na utaratibu wao kwa magari ya kwao. Kijana hakulijua hilo, wala mimi. Akajifuta mikono: "Mama, hili halipimiki. Tafuta giaboksi."

Giaboksi! Kwa taa tu?

Nikaenda kwa mzee mmoja anayetengenezea chini ya mwembe. Akafungua boneti, akakuta kiboksi cheusi chenye kifuniko, akachukua kipande cha waya na kuunganisha matundu mawili, TE1 na E1. Akaniambia niwashe swichi bila kupiga injini. Taa ikapepesa mara sita, ikapumzika, ikapepesa mara moja. "Sitini na moja," akasema. "Sensa namba mbili ya mwendo, ile ya mkiani mwa giaboksi. Namba moja inamshikia zamu, ndiyo maana hujaona gari likisumbua. Sasa mwanangu, ngoja nipi..."

Sikungoja. Nilishasikia neno sensa. Jioni ile ile nikampigia muuza spea wa Ilala, shilingi laki moja na ishirini, asubuhi ikaja na basi. Ikafungwa. Taa ikapepesa vile vile, sita na moja.

Ndipo mzee akafanya alichotaka kufanya tangu jana. Akaweka mita kwenye sensa ya zamani: omu 610, nzima kabisa. Akaiunganisha tena, akapima kwenye soketi ya kompyuta: hakuna kitu, njia imekatika. Akalala chini ya gari akifuata waya kwa vidole, sentimita baada ya sentimita, hadi pale unapopita karibu na ekzosi. Ganda lilikuwa limekauka na kupasuka, na ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Akakata, akaunga kwa risasi, akavisha mpira, akauhamisha mbali na moto. Akachomoa fyuzi ya EFI kidogo ili kompyuta isahau, akairudisha. Taa kimya.

"Arobaini elfu," akasema.

Nami, niliyetoa laki na ishirini bila kuuliza mara mbili, nikaanza kubisha: arobaini kwa waya?

Aibu ya swali hilo ndiyo inayonifanya niandike. Tunawasema mafundi kwamba wanabahatisha, wanatuuzia spea hadi ugonjwa uchoke wenyewe. Ni kweli wapo. Lakini nani kawafundisha? Kifaa kipya ndani ya boksi tunakilipia kwa sababu kinashikika. Saa mbili za mtu kulala mgongoni na mita tunaziita kuangalia, na kuangalia tunataka bure. Hata magari mapya yenye namba ndefu za hitilafu yako hivyo hivyo. P0720 inazungumzia njia nzima ya umeme ya sensa ya mwendo unaotoka kwenye giaboksi. Tatizo laweza kuwa sensa, soketi, waya au kompyuta. Namba inataja mtaa tu, nyumba lazima itafutwe.

Gereji nyingi hubandika bei ya kubadili oili na kuziba pancha. Sijaona iliyobandika bei ya kupima. Ibandikwe, na kwenye risiti fundi aandike alichokuta: omu ngapi, wapi, kabla na baada. Asiyeweza kuandika hivyo asiniambie ninunue kitu.

Mzee nilimlipa arobaini yake yote, baada ya dakika kumi za kujiaibisha. Sensa ya Ilala ipo kabatini ndani ya boksi lake. Duka limekataa kuipokea tena. Ni nzima. Mwenye kuihitaji aje, ila kwanza apime.