Usibadilishe Moyo wa Motokaa Kabla ya Kujua Ugonjwa

Ukipita katika skimu zetu, kutoka Mau Narok mpaka Ol Kalou, hutakosa kuona Mercedes-Benz ya zamani imesimama kando ya ghala, na kuku wamelala chini yake. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu, "Injini imekufa. Nangoja mavuno niweke ya Toyota." Mwezi huu nataka kusema neno juu ya jambo hilo. Maoni yangu ni kwamba nyingi katika motokaa hizo hazikufa. Zinaugua tu, na mwenyewe hajui ugonjwa.

Si ajabu watu wetu kuipenda motokaa hii. Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953, na mwaka wa 1959 na 1960 Mercedes 219 ilishinda, ikiendeshwa na Bill Fritschy na Jack Ellis. Mwaka wa 1961 ikashinda tena Mercedes, ile ya 220SE ya John Manussis. Jina likaenea. Lakini ile inayoonekana zaidi mashambani ni 240D, ya jamii inayoitwa W123, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1976 na kwisha kutengenezwa karibu miaka kumi baadaye. Ni ya dizeli, ina silinda nne, na nguvu zake mwanzoni zilikuwa za farasi 65 tu. Haina haraka, ila ikitunzwa hudumu sana.

Baba yangu alikuwa nayo. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi, ikakataa kuwaka asubuhi. Jua likipanda iliwaka, lakini kwa moshi mwingi mweupe. Fundi mmoja wa mjini aliitazama muda wa kunywa chai, akasema, "Mzee, injini hii imekwisha." Baba akauza ng'ombe wawili wa maziwa, akanunua injini ya Hiace iliyotumika, ikatiwa. Juma lile lile tuliteremka kutoka Mau Narok kwenda Njoro, magunia mawili ya viazi nyuma na mama kiti cha mbele. Kwenye mteremko breki zikawa ngumu kama jiwe. Baba alikanyaga kwa miguu miwili, akarudisha gia, akaingiza motokaa kwenye ukingo wa udongo. Mungu alitusaidia, hatukuumia.

Na ile injini "iliyokwisha"? Jirani aliinunua kwa bei ya chuma chakavu. Akabadilisha plagi za kupasha joto, akarekebisha valvu, akaifunga kwenye kinu cha posho. Mpaka leo inasaga mahindi.

Ndugu Mkulima, ng'ombe wako akipunguza maziwa, je, utamwuza siku ile ile? La. Kwanza utatazama kiwele, utatazama chakula na maji, utamwita daktari wa mifugo. Basi fanya vivyo hivyo kwa motokaa yako, kwa utaratibu huu.

Kwanza, plagi za kupasha joto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Injini hii bila joto lake haiwaki asubuhi ya baridi. Katika motokaa za miaka ya mwanzo plagi hizo nne zimefungwa mfululizo katika waya mmoja, hata moja ikikatika, zote nne hulala. Ndiyo iliyokuwa taabu ya baba yangu.

Pili, dizeli yenyewe. Tazama mipira midogo ya kurudishia mafuta, chujio, na pampu ndogo ya mkono. Mpira ukipasuka hewa huingia, na injini hukohoa na kuzima. Mpira huo ni wa bei ndogo sana.

Tatu, valvu. Injini hii hutaka valvu zipimwe kila baada ya kilomita 24,000 hivi, ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza hewa, na 0.30 kwa za kutolea moshi. Zikibana, nguvu ya mgandamizo hupotea, na mtu hudhani pistoni zimekwisha.

Nne, ndipo umwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo. Injini nzima hutoa bar 20 na zaidi. Ikiwa chini ya 15, au silinda zikitofautiana sana, hapo una haki ya kusema injini imechoka. Fundi asiye na kipimo hicho asikutie katika gharama.

Tena kumbuka mahali tunapokaa. Nakuru ni mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Mau Narok ni zaidi ya 2,700. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika mia kwa kila mita mia moja za kupanda. Basi farasi 65 wa kiwandani, huko juu hawafiki 50. Motokaa ikipanda polepole na gunia la mbolea, hiyo si dalili ya kifo.

Lakini ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba injini imekwisha kweli? Kwanza tafuta ya jamaa yake, Mercedes kwa Mercedes, maana mauntingi, gia boksi na waya zitakubaliana. Ukikosa, na ukashika ya Toyota, usinunue injini peke yake. Nunua pamoja na gia boksi lake, altaneta na waya zake, na uisikie ikiwaka kabla ya kutoa pesa.

Kisha angalia mambo haya, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa. Breki za Mercedes husaidiwa na busta inayovutwa na upepo wa pampu. Injini ya dizeli haina mvuto huo yenyewe. Katika dizeli za Hiace pampu hiyo iko nyuma ya altaneta. Fundi akisahau kuunganisha mpira wake, breki huwa kama zile zilizotaka kutuua. Mercedes hiyo huzimwa kwa mvuto huo huo kupitia ufunguo, bali Toyota huzimwa kwa umeme. Kwa hiyo waya za ufunguo hazina budi kupangwa upya. Kipimo cha joto nacho kifungwe pamoja na sensa iliyo yake. Kisipolingana kitakuonyesha baridi huku injini inachemka kwenye mlima. Motokaa ikitetemeka kwa mwendo fulani tu, tazama propela: urefu wake, pembe yake, na mipira ya viungo vyake. Karai la oili nalo lisiguse chuma cha mbele kinachobeba magurudumu.

Usitoke na abiria siku ya kwanza. Jaribu breki uwanjani, kisha kwenye tambarare, kisha kwenye mteremko mdogo ukiwa peke yako.

La mwisho ni karatasi. Namba ya injini imeandikwa katika logibuku. Ukibadilisha injini, sheria yataka uwaarifu wenye mamlaka ya usafiri, NTSA, motokaa ikaguliwe, na namba mpya iandikwe. Weka risiti ya injini na karatasi zake za forodha. Asiyefanya hivyo atajuta siku ya kuuza, au siku ya ajali mbele ya watu wa bima. Tena injini isiyo na karatasi yaweza kuwa ya wizi, na atakayeulizwa ni wewe.

Najua wako watakaosema kwamba spea za Toyota hupatikana kila duka, na za Mercedes ni ghali. Ni kweli. Sikatai mtu kubadilisha aliyekwisha kupima na kufanya hesabu. Ninalokataa ni kuuza ng'ombe wawili kwa sababu ya plagi moja.

Basi kabla ya mavuno yanayokuja, fungua boneti ya ile iliyosimama kando ya ghala. Fukuza kuku, tafuta fundi mwenye kipimo, uanze na plagi. Huenda wale ng'ombe uliotaka kuwauza wakabaki zizini.