Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Upasuaji ni Dar, kupona ni wilayani

Mheshimiwa Waziri,

Ninachoomba si jengo jipya wala mashine ya mabilioni. Ni sindano ya penisilini na kipimo cha tone la damu, vipatikane hospitali ya wilaya kila mwezi bila kukosa.

Mpwa wangu anasoma kidato cha tatu huku Nyanda za Juu Kusini. Ugonjwa wake ulianza kama unavyowaanza watoto wengi: koo liliuma, likapoa lenyewe, kisha magoti na vifundo vya miguu vikavimba kwa zamu. Mtaani husema mtoto anakua. Kumbe maambukizi ya koo yasipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kugeuka na kushambulia valvu za moyo. Alipofikishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete alikuwa halali ila ameketi. Akawekewa valvu ya bandia. Kabla ya taasisi hiyo kuanzishwa mwaka 2015, wengi wa aina yake walisubiri rufaa ya India. Kwa hilo naishukuru Serikali, tena si kwa adabu ya barua tu.

Leo anapanda kilima cha shule bila kusimama. Bibi yake ndiye msimamizi wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye valvu hiyo: taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, kidonge kimeshatoka kwenye pakiti. Mchicha na matembele hakukatazwa, bali aliambiwa ale kiasi kilekile kila wiki, maana mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kaka yake ndiye anayempakulia. Mwalimu wa darasa anajua asimpe diklofenaki hata akilia na tumbo. Usiku nyumba ikitulia valvu husikika ikigonga, na mdogo wake huwaambia wageni kwamba dada ana saa kifuani.

Hayo familia tunayaweza. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyoganda, hatukiwezi. Damu ikiwa nzito, valvu huziba kwa bonge au mtoto akapata kiharusi; ikiwa nyepesi mno, atavuja damu hata kichwani. Yeye anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Wilayani kwetu hakipimwi. Tunadamka kupanda basi la kwenda mkoa mwingine, nauli ya watu wawili, na masomo ya siku nzima yanapotea. Nauli ikikosekana, anaendelea na dozi ya mwezi uliopita kwa kubahatisha.

Sindano nayo ni benzathini penisilini, kila baada ya wiki tatu au nne, ili maambukizi yale ya koo yasirudi kumalizia valvu zilizobaki. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, lakini jibu tunalopewa ni "imeisha, jaribuni duka la dawa." Ikipatikana, wapo wahudumu wanaoogopa kuichoma kwa hofu ya mzio. Siwalaumu, wafundishwe na wapewe adrenalini. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu wa moyo unaoanzia kooni, likizitaka nchi zihakikishe dawa hizi zinapatikana.

Liko na lingine ambalo sisi wajomba huwaachia shangazi: warfarini inaweza kudhuru mimba changa. Huyu ni msichana, na iko siku atataka mtoto. Anayepaswa kumweleza mapema ni muuguzi anayejua, si jirani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, iagize Bohari ya Dawa isiruhusu penisilini hii ikatike wilayani. Kila hospitali ya wilaya ipewe kifaa kidogo cha kupimia INR kwa tone la kidoleni. Na kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kipimo hicho na sindano hiyo viingie kwenye kitita cha msingi, ili mtoto aliyepasuliwa moyo kwa gharama kubwa asije akafa kwa kukosa nauli ya basi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjomba wa mgonjwa