Mkutubi Naye Apewe Kiti

Wengi wetu tukitajiwa mkutubi humkumbuka yule bwana wa maktaba aliyekuwa akigonga muhuri wa tarehe na kutukazia macho tukinong'ona. Nami nakiri, kwa miaka mingi sikumdhania kazi nyingine. Kilichonigeuza ni kisa cha mauti.

Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kusaidia utafiti wa pumu. Akavutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu. Alianza kwa kukohoa, mapafu yakaharibika, na baada ya kama mwezi akafariki. Kumbe habari za dawa hiyo kudhuru mapafu zilikwisha kuandikwa tangu miaka ya 1950! Mtafiti alikuwa ametafuta, lakini faharasa ya kompyuta aliyoitegemea wakati ule ilirudi nyuma hadi 1966 tu.

Kujua faharasa yakomea wapi, na ya nyuma yake yatafutwe wapi, ndiyo elimu ya mkutubi. Sisi tuliokaa vyuoni tukaambiwa kila neno lina sanadi yake, jambo hili si geni kwetu.

Wala fikira ya kumtoa mkutubi rafuni si ya jana. Mwaka 1971, huko Kansas City, Bi Gertrude Lamb aliwatuma wakutubi wafuatane na madaktari wodini, wayasikie maswali penye mgonjwa. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikashauri kwamba wanaokusanya na kupima tafiti zote za jambo moja wafanye kazi hiyo pamoja na mkutubi. Siku hizi wako wanaokaa na watafiti tangu swali linapoundwa. Hutafuta kila jina ambalo ugonjwa mmoja umepata kuitwa, kisha huandika njia waliyopita ili mwingine aweze kuifuata. Na sasa zimezuka programu za kompyuta zinazojibu kwa ufasaha mtupu huku zikitaja makala ambayo hayajapata kuandikwa na mtu. Nani atakayeyakagua?

Heshima, hata hivyo, bado inasuasua. Mara nyingi mkutubi huyo hutupiwa mstari mmoja wa shukrani mwisho wa makala, basi. Mimi naona aliyefanya kazi ya utafiti jina lake lipangwe pamoja na ya watafiti.

Tusidhani haya ni ya Marekani peke yake. Kilifi kuna kituo cha utafiti wa maradhi tangu 1989, na wazazi wengi wa Pwani wamekubali watoto wao waingizwe katika tafiti za malaria na chanjo. Sisemi kwa kumshuku mtu. Tafiti hizo zina manufaa makubwa. Lakini, ndugu msomaji, siku utakapoletewa karatasi ya idhini uitie sahihi, uliza kwa adabu: ni nani aliyetafuta yaliyokwisha kuandikwa juu ya dawa hii, na alirudi nyuma hadi mwaka gani?