Leseni moja, kompyuta tatu: hukumu ya programu tunazogawana nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za majumbani ni za zamani na hazina sifa za kupokea Windows 11. Familia zinanunua mashine nyengine, au zinazipeleka zilizopo kwa fundi. Hapo ndipo suala linapokuja. Baba amenunua programu moja kwa pesa yake ya halali. Nyumbani kuna kompyuta yake, laptopu ya binti aliyeko chuo kikuu, na ya mdogo wake anayesoma skuli. Je, inajuzu kuiweka katika zote tatu?

Mmoja atajibu kuwa ni haramu moja kwa moja. Mwengine atasema, "Nimekwishanunua, ni changu." Wote wawili wameruka hatua moja: kuangalia ni kitu gani hasa kilichouzwa.

Kilichouzwa ni ruhusa

Ukinunua sahani ni yako, unaweza kuitumia, kuigawa au kuiuza. Programu nyingi za kibiashara haziuzwi hivyo. Kampuni inakupa leseni, yaani ruhusa ya kutumia kwa masharti. Kifiqhi, umepata manfaa yenye mipaka, hukumiliki kitu chenyewe. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyeazima chombo hamuazimi mtu wa tatu bila ya idhini ya mwenyewe. Leseni si azima, kwa kuwa imelipiwa, lakini maana inakaribiana: idhini haivuki mpaka aliouweka mwenye mali.

Na je, hii ni mali kisheria? Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilipitisha azimio namba 43 kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali yenye thamani, zinalindwa na sheria ya Kiislamu, na haijuzu kuzivamia. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia nayo ilikataza kunakili programu ambazo wenyewe wamekataza zisinakiliwe. Wapo wanazuoni waliolegeza kwa anayenakili kwa haja yake mwenyewe bila ya biashara, na khilafu hiyo tunaiheshimu. Lakini anayebonyeza "nakubali" ameingia mkataba, na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Zanzibar pia ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003.

Masharti ni ya aina tatu

Ya kwanza ni leseni ya mashine. Windows iliyokuja na laptopu mpya kwa kawaida imefungwa na laptopu ile ile. Office Home 2024, inayolipiwa mara moja, ni ya kompyuta moja tu.

Ya pili ni leseni ya mtu. Microsoft 365 Personal ni ya mtu mmoja, lakini mtu huyo anaweza kuitumia katika vifaa vitano kwa wakati mmoja. Baba mwenye kompyuta ya mezani, laptopu na simu hana dhambi yoyote hapo. Tatizo linaanza akimpa binti neno lake la siri.

Ya tatu ni leseni ya familia. Microsoft 365 Family inaruhusu hadi watu sita, kila mmoja na akaunti yake. Programu nyingi za kuzuia virusi nazo huuzwa kwa idadi ya vifaa. Hata kwa Windows 10, kampuni imetoa huduma ya nyongeza ya usalama kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na leseni moja inatosha vifaa hadi 10 vya akaunti moja. Tazama basi: huenda mtu anaiba kitu ambacho tayari ameruhusiwa, kwa sababu tu hakusoma.

Masharti pia hubadilika. Office Home and Student ya 2010 iliruhusiwa kwa kompyuta tatu za nyumba moja. Ile ya 2013 ikawa ya moja. Ruhusa ya jana si hoja ya leo. Na neno "matumizi binafsi" lina maana yake: TeamViewer ni bure kwa mtu binafsi, lakini ukiitumia kwenye kazi ya duka lako umetoka nje ya ruhusa.

Hoja za barazani

Husemwa: "Hawa ni matajiri, tena si Waislamu." Tukumbuke usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wanataka kumuua Mtume (s.a.w.), naye akamwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka ili awarudishie amana zao. Utajiri au ukafiri wa mwenye mali hauhalalishi mali yake.

Husemwa pia: "Tunaisusia kampuni hii kwa yanayowapata ndugu zetu wa Gaza." Nia hiyo ni njema. Lakini kususia ni kuacha. Anayeitumia programu kila siku bila ya kulipa hajaisusia, ameendelea kuitegemea.

Na wapo wasio na uwezo kweli. Kwao mlango uko wazi. LibreOffice inaandika barua na kufanya hesabu, ni bure, na leseni yake inaruhusu kuiweka katika kompyuta zote za nyumbani, za skuli na za madrasa. Ubuntu inaweza kuchukua nafasi ya Windows katika mashine nyingi za zamani. Penye halali ya bure, ni vigumu kudai dharura.

Fundi na muuza duka

Khilafu ya matumizi binafsi haimgusi anayechukua namba moja ya leseni akaiweka katika kompyuta za wateja ishirini, kila mmoja akimtoza pesa. Huyo anauza asichokimiliki, na akimficha mteja ameongeza ghishi. Mteja aliyeambiwa kuwa programu ni halali akaamini, dhambi iko kwa muuzaji; akishajua, asiendelee nayo.

Tunachonasihi ni hiki. Kabla ya kulipa, ulizeni: leseni hii ni ya mashine, ya mtu au ya familia? Ni ya vifaa vingapi? Inaruhusu biashara? Kompyuta zilizokwisha kuwekwa programu za kunakili, ziondoeni, nunueni inayolingana na idadi yenu, au hamieni katika zile za bure. Mtoto anayeandika utafiti wake humo anajifunza pia namna baba yake anavyotimiza ahadi pale ambapo hakuna anayemwona isipokuwa Allah.

Wallahu aalam.